Ukikuta ndege amelala chini, rudi nyuma

Nilikuwa na miaka tisa siku papa mdogo, mdogo wake baba, alinivuta kola ya shati kwa nguvu paka kifungo kikaruka. Tulikuwa tunashuka Lac Vert, Ziwa la Kijani, upande wa Mugunga, hapa kwetu Goma mashariki ya Kongo, asubuhi mapema sana majani bado yamelowa umande, na mimi nilikuwa mbele nakimbia juu nilikuwa nimeona njiwa amelala ndani ya kashimo katikati ya mawe ya lava. Amelala vizuri, mabawa yamekunjwa, hakuna damu hakuna nini. Nilitaka kumuokota nimpeleke nyumbani Keshero nimuwekee mahindi.

"Mutoto, simama! Wapi uliona njiwa analalaka chini?"

Nikasimama. Akaniambia nisisogee hata hatua moja, akachukua kijiti kirefu akawa ananionyesha kimoja kimoja. Pembeni ya njiwa kulikuwa mapanzi mengi, kipepeo kimoja cha rangi ya chungwa, panya wawili wamelala ubavu, na chura. Wote wazima, hakuna aliyeng'atwa wala aliyepigwa, na wote walikuwa wamekufa. Papa mdogo akasema neno moja tu, mazuku, kisha akanipandisha mabegani, mimi msichana wa miaka tisa mwenye miguu mirefu tayari, akalizunguka lile shimo kwa mbali akapita juu juu kwenye mwamba, na kutoka pale mabegani njo niliona Ziwa la Kijani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, liko chini kabisa ndani ya kreta, kama mtu amejaza bakuli kwa maji ya sombe.

Baada ya pale, kila nikirudi kutoka kutembea, yeye hakuwa anauliza kwanza nimeona ndege gani. Alikuwa anauliza, "Na chini?"

Nimeamua kuandika hii juu kila mara nikituma foto za maziwa yetu, watu wa Dar, wa Nairobi, hata wa Bukavu hapo jirani tu, wananiuliza nyinyi watu wa Goma mnatembeaka wapi, si kwenu ni lava na vita? Tunatembea. Mimi natembea tangu utoto, wikendi nyingi nikipata nafasi, na kwa miaka mingi nimekuwa naandika kwenye daftari ndege ninaowaona kati ya Goma na Sake, mwendo wa kama kilometa 25 Ziwa Kivu likiwa kushoto kwako na volkano kulia. Sijasomea hayo mambo. Mimi nauza vitambaa. Lakini nalipenda hili ziwa na vijiziwa vyake na sipendi watu wadhani kwamba sisi tunaliogopa tu au tunalichotea maji tu.

Kwa wasioijua mazuku nieleze kidogo, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini tunatembea namna tunavyotembea. Volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, zote ziko hapo kaskazini yetu, na chini ya miguu yetu gesi inapanda na kupenya kwenye nyufa za mawe hata sehemu ambazo hakuna moshi wala joto la kukushtua. Sehemu kubwa ni kabonidioksidi, ile ile tunayoitoa tukipumua, ila hapa inatoka nyingi kwa pamoja. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatiririka kama maji na kujaa kwenye mabonde madogo na mashimo, inajaa usiku wakati upepo umelala, alfajiri njo imejaa kabisa, jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza kupuliza inapungua na kutawanyika. Mtu mzima anaweza kusimama pale kichwa kikiwa juu asisikie kitu, na mbuzi wake akaanguka mbele ya macho yake. Mtoto yuko kwenye kimo cha mbuzi. Mtu aliyechoka akajilaza hapo apumzike naye yuko kwenye kimo cha mbuzi. Ndio sababu papa mdogo alinibeba, na ndio sababu hakuinama kumuokota yule njiwa hata nilipolia.

Na mjue kitu kimoja: wataalamu wa volkano wa dunia nzima, hata wanaoandika Kiingereza na Kifaransa, wakitaka kutaja haya mashimo ya gesi wanaandika mazuku. Neno letu la huku. Hawakupata lingine. Mimi nikilikuta kwenye maandishi yao najisikia fahari na uchungu pamoja, juu neno limesafiri mbali sana na kila aliyelileta duniani alilisema akiwa amesimama karibu na maiti ya mbuzi au ya mtu.

Sasa shida ya mtu anayependa ndege hapa Goma ni hii. Ndege wanaimba alfajiri. Ukisoma popote, ukiuliza yeyote anayejua hii kazi, atakuambia amka mapema, uwe ziwani kabla jua halijatoka, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshakaa kimya. Na saa hiyo hiyo njo mazuku imejaa paka mdomoni. Nilichukua miaka kupata jibu langu, na jibu ni kwamba alfajiri natembea kwenye migongo tu. Ukingo wa kreta, mgongo wa mwamba, barabara kubwa, sehemu za wazi za ufuko ambapo upepo unapita. Nakaa juu nasikiliza. Mpaka saa tatu hivi, jua limeshachoma mgongo na majani yameanza kutikisika, hapo ndipo nashuka majini, pole pole, na sishuki kwenye shimo nisilolijua hata kama kuna ndege wa dhahabu ndani yake.

Wakati wa kushuka, wanyama wadogo wananiongoza. Mijusi ikiota jua kwenye mawe, na ikikimbia nikikaribia, moyo unatulia. Mapanzi yakiruka, sawa. Nyuki kwenye maua ya chini chini, sawa. Lakini nikifika mahali kimya, mawe yale yale, jua lile lile, ila hakuna kinachoruka wala kinachotambaa, nasimama. Na nikiona hata mdudu mmoja tu amelala miguu juu, nageuka. Wazee walikuwa wanafunga kitambaa chenye moto kwenye mti mrefu wanakishusha shimoni, moto ukizimika wanajua. Siwashauri mjaribu hiyo. Panda tu juu, zunguka.

Nilikuwa na jumeli pia, darubini ya macho mawili, siku za nyuma. Rafiki mmoja aliyesafiri aliniletea, jumeli nzuri nyeusi, na nilizitumia kama miezi minne hivi. Siku moja nimekaa kwenye ukingo natazama mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, wanakausha mabawa, nikasikia nyuma yangu mtu anauliza kwa sauti ya chini sana, "Mama, unahesabu nini?" Alikuwa na silaha. Nilimwambia ndege. Akachukua jumeli akaangalia kwa muda mrefu, na nashukuru Mungu wale mnandi hawakuruka, walibaki pale pale juu ya mti wao wamefungua mabawa kama nguo kwenye kamba. Akanirudishia, akasema nyumbani ni kule. Tangu hapo jumeli ziko ndani ya sanduku chini ya nguo za kanisa. Katika mji ulioona vita namna hii mtu anayetazama mbali kwa chombo anatafsiriwa vibaya na upande wowote, na siwezi kumlaumu sana anayeogopa. Kwa hiyo nimejifunza kuona kwa macho tu. Unakaa muda mrefu zaidi, unakuja karibu zaidi, unamjua ndege kwa namna anavyoruka na mahali anapopenda kukaa kuliko kwa rangi ya mguu wake.

Na majina. Hili linaniuma. Kwetu ndege wengi wadogo wanaitwa ndege tu, basi. Yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa haraka haraka bila kwenda mbele wala nyuma, kisha anajiangusha kama jiwe, vitabuni anaitwa mdiria, sisi watoto wa Keshero tulikuwa tunamuita muvuvi. Mwewe bibi yangu alimuita sakabaka, na alikuwa anatoka nje na mwiko akimuona anazunguka juu ya vifaranga. Kale ka ndege kanakotembea uani kakitikisa mkia bibi alikaita inyamanza na alitukataza kabisa kukapiga jiwe, ni mwiko, kwa koo fulani za kabila lao ni kama ndugu. Yangeyange weupe wanaofuata ng'ombe kila mtu anawajua. Lakini ukiuliza vijana wa leo watano pale barabarani, watakutajia wachezaji wote wa timu ya Ulaya, na yule mdiria aliye mbele yao kwenye waya wa umeme hana jina. Sisemi kwa kuwadharau, mimi pia nilijifunza majina mengi nikiwa mtu mzima. Nasema tu kwamba kitu kisicho na jina kinapotea na hakuna anayeuliza kiko wapi.

Turudi Lac Vert. Ukisimama juu ya ukingo, upande mmoja una kijani chini yako, na ukigeuka upande wa pili unaona bluu ya Kivu, ziwa kubwa, pale pale karibu, kama maziwa mawili yamekataa kusalimiana. Kuta za kreta zinashuka wima na sehemu nyingine zina miti na vichaka paka majini. Ndege wanaopenda pale ni wale wanaofuma viota, wa manjano, wananing'iniza viota juu ya maji kwenye matawi membamba kabisa ambapo nyoka atajifikiria mara mbili, na kelele yao inazunguka ndani ya kreta inarudi, ukifumba macho unaweza kudhani uko ndani ya shule saa ya mapumziko. Nimeshakaa pale saa tatu bila kula.

Kivu lenyewe ni habari nyingine. Liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lina kina cha karibu mita 485, na ukiliangalia limetulia hivi huwezi kujua kwamba maji yake yamepangwa kwa tabaka kama mikeka, ya juu yanachanganyika na hewa na ya chini hayapandi. Viumbe karibu wote wenye kuvuta oksijeni wanaishi kwenye tabaka la juu, kama mita 60 hivi. Chini ya hapo kumeyeyuka gesi nyingi kiasi cha kutisha, kabonidioksidi karibu kilometa za ujazo 300 na metani karibu 60, na wenzetu wa Rwanda wameshaanza kuivuta ile metani watengenezee umeme. Kwa hiyo mazuku ya nchi kavu na hii ya majini ni ndugu. Kule Kamerun, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake usiku mmoja wa Agosti 1986 na watu zaidi ya 1,700 wakafa, na Nyos ni kaziwa kadogo sana ukiliweka pembeni ya Kivu. Sitaki kutisha mtu. Lakini mnandi akizama mbele yako akaibuka na samaki, kumbuka kwamba anavua kwenye mkeka wa juu tu.

Na hata samaki wenyewe wana historia. Hawa sambaza tunaokula na bugali, ambao bila wao sijui Goma ingekula nini, sio wa hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, juu katikati ya Kivu hakukuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vya maji ya wazi. Wakazaana. Leo ukikaa usiku juu ya mwinuko wowote wenye kuona ziwa utaona taa za wavuvi zimetandaa kama mtaa wa pili juu ya maji, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu inayotokea mbele na nyuma kama pembe, na upepo ukielekea kwako unasikia wanavyoimba wakipiga kasia kwa pamoja. Asubuhi wakifika sokoni Kituku, hapo ndio pa kuangalia ndege bila kutembea sana. Mwewe wanashuka wanachukua sambaza hewani mtoto akitupa, kunguru wenye shingo nyeupe wanabishana juu ya mabati, yangeyange wanatembea kati ya mabido, madumu ya maji, ya njano kama wamekuja kuchota maji na wao. Akina mama wanapima sambaza kwa vikopo na hawamfukuzi mtu. Ukinunua kikopo kimoja unaruhusiwa kukaa paka uchoke.

Nimesema Kituku juu sehemu za kufika majini bila kulipa na bila kuomba ruhusa zimebaki chache. Hili ni jambo ninalolibeba moyoni. Nilijifunza kuogelea kwenye kaplaji, kaufuko kamoja karibu na kwetu, mawe meusi laini, maji masafi, na hatukuogopa kitu maana Kivu halina mamba. Mwaka fulani tukakuta ukuta. Kisha ukuta wa pili pembeni yake, kisha lango, kisha mlinzi mwenye kiti cha plastiki ambaye aliniambia bila ubaya wowote, "Dada, ziwa liko la watu sasa." Nikamuuliza watu gani. Hakunijibu, na naamini hakujua. Ukitembea leo sehemu ndefu ya mtaa wa Himbi ziwa liko mita mia moja kutoka kwako na hulioni, unaona kuta na chupa zilizovunjwa juu ya kuta, na unasikia tu yangeyange wanapita upande wa pili. Watoto wanaokaa juu kwenye lava, wanaotembea na bido mbili kutafuta maji kila siku, wanaishi kando ya moja ya maziwa makubwa ya Afrika na wapo ambao hawajawahi kukaa chini kulitazama bila kazi. Mimi naona hiyo ni hasara sawa na njaa. Mtaniambia nazidisha. Sizidishi.

Ukiendelea magharibi kuta zinapungua. Bulengo, kisha vijiji, kisha Sake. Upande huu njo naupenda zaidi kwa kutembea, juu nchi yenyewe inakusomesha. Mwaka 1938 Nyamulagira ilianza kutapika, lava ikashuka paka ikaingia ziwani upande wa Sake, na mlipuko ule uliendelea paka 1940. Ghuba ya Kabuno ikabaki karibu imefungwa, imeunganishwa na Kivu kwa kamlango kasiko na kina. Unatembea juu ya mawe ambayo wakati babu yangu ni kijana yalikuwa moto unaotiririka, na sasa kuna mimea imejishika kwenye kila ufa, mijusi ya bluu shingoni, na vile vindege vya kunyonya maua, chozi, vinavyong'aa kama mafuta ya gari juu ya maji. Na zamani zaidi ya hapo, ni hizi hizi volkano zilizoziba bonde. Maji ya huku yalikuwa yanakwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Milima ilipoota yakakosa njia, yakajaa, yakapanda, paka yakapata pa kutokea kusini kule Bukavu kwa mto Ruzizi, yakashuka Tanganyika. Kwa hiyo hakuna volkano hakuna Kivu. Nikiwa na hasira na Nyiragongo huwa najikumbusha hilo.

Na hasira ninazo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji paka ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, usiku, ikashuka tena, ikasimama kabla ya kufika katikati, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka na tarehe 27 tukaambiwa tuondoke. Watu wengi sana tulichukua barabara ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zimepakiwa sufuria na bibi wazee. Barabara yangu ya ndege. Nilitembea humo usiku na watoto wa dada yangu, na kitu nilichofanya bila kufikiri ni kuwakataza watoto kulala kwenye mashimo ya kando. Tulipochoka tuliwalaza juu ya mwamba wazi, kwenye baridi, na upepo. Mama mmoja tusiyemjua aliniuliza kwa nini nawatesa watoto, nikamwambia mazuku, akanyanyuka akahamisha wa kwake bila neno.

Kisha kuanzia 2022 na 2023 barabara hiyo hiyo ikatembewa upande mwingine. Vita vilikuwa vinasukuma watu wa Masisi na Rutshuru kuja Goma, na mahema yakajaa Bulengo, yakajaa Mugunga, yakazunguka Lac Vert. Mahema madogo meupe juu ya lava. Mei 2024 mabomu yakaanguka kwenye kambi na watoto wakafa, na sina la kuongeza juu ya hilo kwenye makala ya kutembea. Niseme tu nilichokiona mimi kwenye daftari langu. Miti ya ukingo ilikatwa, na nani angekataa kukata mti wakati mtoto hajala kitu cha moto siku mbili? Viota vya wale ndege wa manjano vilipungua, kisha nikafika siku moja kreta imenyamaza. Ziwa lilikuwa kijani vile vile, akina mama walikuwa wanafua kwenye ukingo wa maji, na hakukuwa na ile kelele ya shule. Niliandika tarehe, nikaandika "hakuna", nikarudi nyumbani. Lakini pia nilikuta kwamba wale waliokimbia walishajua mashimo yote mabaya. Walikuwa wamerundika mawe kuzunguka, au kuchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Mtoto wa Masisi, labda miaka kumi, alinishika mkono akanipitisha njia salama akinielezea kwa makini sana kwamba hapa kuku wao alikufa, na pale mbwa wa jirani. Nilimuacha anifundishe.

Mwanzo wa 2025 vita viliingia Goma yenyewe na kambi zikaondolewa. Nilikaa miezi bila kwenda. Watu wa hapa wanajua kwa nini.

Tchegera nimefika mara moja tu, zamani, kwa mtumbwi wa injini, na sitaongea sana juu yake maana bei ya kulala pale haikuwa ya muuza vitambaa. Ni kisiwa kadogo kamepinda kama mwezi mchanga, ukingo wa kreta uliobaki nje ya maji, na ni sehemu ya Virunga, ile hifadhi iliyoanzishwa 1925. Usiku unaona mwanga mwekundu wa volkano juu ya mawingu na unasikia popo. Kinachonibakia kutoka safari ile ni kitu kingine. Tukirudi, karibu na mawe, kichwa kikatokea majini, cha mviringo, masharubu, kikatutazama, kikapiga chafya kabisa kama mtu, kikazama. Fisi maji. Mwendesha mtumbwi akasema hao ni wezi, wanatoboa nyavu. Akasema kwa hasira kweli, na wakati huo huo alikuwa amezima injini ili tumuone tena. Tulingoja. Hakurudi, na yule papa wa mtumbwi hakuwasha injini kwa muda mrefu.

Nimerudi Lac Vert mwezi uliopita. Nilichukua mtoto wa mwisho wa dada yangu, ana miaka saba, ana maswali kama karani wa polisi. Tulipanda moto, pikipiki, paka Mugunga, motari akatuacha barabarani, tukangoja jua lipande tukinunua mandazi. Juu ya ukingo vishina vya mikaratusi vimechipua tena, chipukizi nyingi nyembamba, zimefika kifuani kwangu. Yale mawe waliyorundika watu wa kambi kuzunguka mashimo bado yapo. Vitambaa vimeoza. Nilimuonyesha kila rundo, nikamwambia hapa usipite hata ukiona kitu kizuri kiasi gani, akauliza hata ukiona pesa, nikasema hata pesa, akauliza hata wewe ukiwa umelala pale. Hilo lilinichukua muda kulijibu. Nikamwambia ndio, hata mimi, unakimbia kuita watu wakubwa, huingii. Akakubali kwa kichwa, hakufurahi.

Tulipofika sehemu ya kushuka nikampandisha mabegani. Ni mzito. Kreta haikuwa na kelele kama zamani ila nilihesabu viota saba upande wa mashariki, wale wa manjano wenyewe wakibishana, na mdiria mmoja amekaa kwenye tawi kavu. Nikamwambia majina yake yote mawili, mdiria na muvuvi. Akachagua muvuvi. Kisha tukatembea paka upande wa Kivu, na pale kwenye mawe kulikuwa mnandi wengi wamesimama mabawa wazi, akaanza kuwahesabu kwa kidole juu ya kichwa changu, akafika thelathini na moja, wakaruka wote.

Jioni tulipita Ndosho kumsalimia papa mdogo. Magoti yake hayamruhusu tena, anakaa kwenye kiti mlangoni na redio. Mtoto akamkimbilia akamuambia yote kwa pumzi moja, mandazi, motari, muvuvi, mnandi thelathini na moja ila walikuwa wengi zaidi, walimkatiza. Mzee akamsikiliza paka mwisho, akapunguza redio.

"Na chini?"

"Chini mijusi tu, koko. Inakimbia."

"Muzuri," akasema, akamuachia nafasi akae.